Linda hakubebwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mume wangu ameletewa na kaka yake boksi la Ram, albamu ya Paul na Linda McCartney ya mwaka 1971, lile toleo jipya la 2012 lenye sidii nne na DVD. Tunaisikiliza kila Jumapili, na kila Jumapili tunabishana. Yeye anasema Paul angefanya vizuri zaidi peke yake, Linda alibebwa tu kwa sababu ni mke. Mimi naona bila sauti yake albamu hii ingepoa. Nimesoma maoni ya wasikilizaji nikazidi kuchanganyikiwa: mmoja anasema hii ndiyo kazi bora ya Paul tangu Beatles, bendi yake ya zamani, wavunjike, mwingine anasema ni upuuzi wa watu walioshiba, wa tatu anasema stereo tuiache, tusikilize mono tu. Tumwamini nani? Na kuna haja ya kununua santuri iliyotoka 2021?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na ubishi wenu wa Jumapili, maana ndio wenye uzito. Mambo ya mono na santuri yatafuata.

Linda hakubebwa. Sisemi hivyo ili kukufurahisha, na bwana yako asikasirike, maana naye kuna kitu amekisikia na nitakifikia. Lakini ushahidi mkubwa wa upande wako umo ndani ya boksi hilo hilo, na nadhani mmeuruka. Toeni sidii ya nne, ile ya Thrillington. Ni nyimbo zile zile za Ram, kwa mfuatano ule ule, ila zimepigwa na okestra. Juni 1971, wiki chache baada ya Ram kutoka, Paul alimpa kazi hiyo mpangaji wa muziki Richard Hewson. Wakaingia studio za Abbey Road, London, na wapigaji wa kukodiwa wa daraja la kwanza: Herbie Flowers kwenye besi, Clem Cattini kwenye drams, Vic Flick kwenye gitaa, pamoja na waimbaji wa kuitikia wasiotamka maneno. Paul alisimamia, hakuimba wala hakushika chombo. Kazi ikakaa kabatini hadi 1977, ikatolewa kwa jina la kubuni la Percy "Thrills" Thrillington.

Wekeni wimbo wa nne, "Dear Boy". Muusikilize hadi mwisho, kisha mrudi sidii ya kwanza, wimbo wa nne vilevile. Kwenye Thrillington melodi ipo yote, hakuna noti iliyopotea, na waliopiga ni mafundi hasa. Lakini ni kama kuingia nyumba iliyopangwa vizuri ukakuta wenyewe wamesafiri. Kwenye sidii ya kwanza wenyewe wapo. Sauti ya Paul na ya Linda zimerekodiwa tabaka juu ya tabaka, moja inaanza kabla nyingine haijamaliza, hii inapanda ile inashuka, mpaka mtu hajui tena ni watu wawili au kumi. Anayewajua Beach Boys, bendi ya Marekani iliyosifika kwa kupanga sauti, atausikia mkono wao hapo. Tofauti ni kwamba Beach Boys ni wanaume wa familia moja na marafiki zao, na hapa ni mume na mke.

Nimekaa nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti karibu miaka thelathini, na kwaya nilizorekodi sizihesabu. Jambo moja kila fundi mitambo analijua, hata kama hana jina la kuliita: sauti mbili zilizofunzwa vizuri mara nyingi hugombana. Kila moja ina mtetemo wake, ina namna yake ya kushika neno na kuliachia, na zote zimezoea kuwa mbele. Paul ni mwimbaji wa kuongoza tangu ujana wake. Ukimwekea juu yake mwimbaji mwingine wa aina hiyo, utapata mashindano. Linda anaimba sauti iliyonyooka, kavu kidogo, isiyotetemeka kabisa. Inakaa juu ya sauti ya Paul kama kifuniko chake halisi. Sikilizeni ile sehemu ya "Uncle Albert/Admiral Halsey" wanapopaza sauti pamoja, wimbo unapoacha huzuni ya mvua na kuanza kuruka. Mtoeni Linda pale kichwani mwenu. Kitakachobaki ni mtu mmoja anayejishangilia mwenyewe.

Sasa alichokisikia bwana yako. Amesikia kwamba Linda hakuwa mwanamuziki wa kusomea, na hilo ni kweli. Alikuwa mpiga picha, tena hodari, aliyekuwa akiwapiga picha wanamuziki kabla hajakutana na Paul. Picha ya jalada lenu, Paul ameshika pembe za kondoo dume shambani kwao Scotland, aliipiga yeye. Na pale anapoachwa peke yake mbele, kama mwanzoni mwa "Long Haired Lady", sauti inakuwa nyembamba na inakwaruza. Simlaumu mtu anayeunyanyulia mkono wimbo huo ili auruke, ingawa anakosea, na nitasema kwa nini baadaye.

Huenda pia ameisikia ile habari ya fedha. Nusu ya nyimbo za Ram, sita kati ya kumi na mbili, zimeandikwa kwa majina ya wote wawili, na vilevile "Another Day", wimbo uliotangulia kutoka mapema mwaka huo. Haki za nyimbo za Paul wakati ule zilikuwa mikononi mwa kampuni ya ATV ya Lew Grade. Mke akitajwa kuwa mtunzi mwenza, nusu inatoka nje ya mkataba ule. ATV wakapinga, wakaona haiwezekani mtu asiye na historia ya utunzi awe ametunga. Ugomvi ukaisha kwa maelewano, na Paul akatengeneza kipindi cha televisheni kwa ajili yao, kilichoonyeshwa 1973. Kwa hiyo dhana kwamba Linda ni jina tu la kwenye karatasi ilianza ofisini, kwa watu waliokuwa na fedha za kupoteza. Nani alileta mstari gani wakiwa mezani nyumbani, hilo ni la mume na mkewe. Lakini sauti iko kwenye tepu, na tepu haina mkataba.

Tuje kwa wasikilizaji wako watatu.

Maoni makali dhidi ya Ram yana umri mkubwa. Yamerithiwa, na wengi wanaoyarudia leo hawajui yametoka wapi. Paul alianza kurekodi albamu hii New York Oktoba 1970. Tarehe 31 Desemba mwaka huo alifungua kesi mahakamani London kuvunja ushirika wa Beatles, yaani aliwashtaki wenzake watatu. Uamuzi uliompa ushindi ulitolewa tarehe 12 Machi 1971, siku ile ile yeye na Linda walipotimiza miaka miwili ya ndoa. Miezi miwili baadaye Ram ikatoka. Hebu fikiria sikio la kijana wa mwaka ule. Bendi aliyokua nayo imekufa, mtu anayeonekana kuwa ndiye aliyeiua anatoa albamu ya kondoo, shamba na chakula cha nyumbani, na pembeni ya jina lake, pale palipozoea kuwa na jina la John Lennon, mtunzi mwenzake katika Beatles, kuna jina la mwanamke. Sikio kama hilo limeshahukumu kabla sindano haijagusa santuri.

Na vijembe vilikuwemo, tusifiche. "Too Many People" inafungua albamu kwa fumbo la kuwasuta watu wanaojifanya wahubiri, na Lennon alijua ni nani anayefumbiwa. Nyuma ya jalada kuna picha ya mbawakawa wawili, mmoja juu ya mwenzake, mdudu ambaye jina lake kwa Kiingereza hutamkwa sawasawa na Beatles. Sisi tuliokulia kwenye taarabu hatuhitaji kuelezwa: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lennon aliligangua, akajibu mwaka ule ule kwa "How Do You Sleep?" ndani ya albamu yake ya Imagine, bila fumbo lolote, George Harrison, mwenzao wa Beatles, akimpigia gitaa. Humo akatia na picha yake ameshika masikio ya nguruwe, kuikejeli ile ya kondoo.

Katika hali hiyo, wahakiki waliandika juu ya talaka ya bendi wakidhani wanaandika juu ya muziki. Jon Landau wa jarida la Rolling Stone aliiona Ram kuwa ndiyo hatua ya chini kabisa rock ya miaka ya sitini iliyowahi kufikia katika kuoza kwake. Ringo Starr, mpiga drams wa Beatles, naye aliliambia gazeti la Melody Maker kwamba hakuona wimbo ndani yake. Wanunuzi wa kawaida hawakusubiri ruhusa yao: albamu ilifika namba 1 Uingereza na namba 2 Marekani, na "Uncle Albert/Admiral Halsey" ikawa wimbo namba 1 Marekani Septemba ile, kisha ikapata tuzo ya Grammy kwa upangaji wa muziki. Kwa hiyo ukiambiwa siku hizi kwamba zamani Ram haikupendwa, uliza haikupendwa na nani.

Boksi lenu lilipotoka Mei 2012 lilikutana na watu waliozaliwa baada ya ugomvi kwisha. Hao hawakuwa na bendi ya kuomboleza. Walisikia mtu anayerekodi na mke wake nyimbo zisizo na kona kali, zinazobadilika katikati bila kuomba radhi, zenye ukulele hapa na mluzi pale, na wakaona ndio muziki ambao vijana wa studio za vyumbani walikuwa wakiutafuta. Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, waliipa toleo hilo alama 9.2 kati ya 10. Mwaka 2020 Rolling Stone, jarida lile lile la Landau, likaiweka namba 450 katika orodha yake ya albamu 500 bora za wakati wote. Kwenye tepu halikubadilika neno hata moja.

Msikilizaji wako wa kwanza, aliyesema hii ndiyo bora kuliko zote za baada ya Beatles, yuko karibu nami kuliko anavyodhani. Mimi nasita kidogo tu, kwa sababu "3 Legs" ni nyepesi kuliko nafasi iliyopewa, na "Monkberry Moon Delight" ni wimbo ambao hata wanaoipenda albamu hawapatani juu yake. Paul anaunguruma mpaka unamhofia koo, na maneno hayana kichwa wala mguu. Mimi naupenda. Nimemwona mtu akitoka chumbani.

Huyu wa pili, wa "watu walioshiba", ananiuma, na nataka mjue kwa nini. Paul amesimulia mara nyingi hali aliyokuwa nayo baada ya Beatles kuvunjika. Alijifungia shambani kwake High Park, rasi ya Kintyre, Scotland, akawa analala mchana, anakunywa, hajioni tena kuwa na maana bila wenzake. Ana miaka chini ya thelathini na anaamini amekwisha. Aliyemnyanyua ni Linda. Albamu ya kwanza, ile ya 1970 yenye jina la McCartney, aliirekodi karibu yote peke yake, na ndani yake mnaweza kumsikia mtu anayejaribu miguu yake kama imepona. Bwana yako aisikilize hiyo kama anataka kujua Paul peke yake alikuwaje wakati ule. Ram ndiyo inayofuata. "Heart of the Country" na "Eat at Home" ni nyimbo za mtu aliyekaribia kuzama, ambaye sasa anashangaa kwamba kuna asubuhi, kuna chakula, kuna mtu upande wa pili wa kitanda. Mtu aliyeshiba hashangai chakula. Hata "Dear Boy", ambayo Lennon alidhani ni kijembe kingine kwake, Paul ameeleza kwamba inamhusu mume wa zamani wa Linda, yule ambaye hakujua alichokuwa nacho.

Kwa ajili ya hayo wimbo wa mwisho, "The Back Seat of My Car", ndio ninaouweka juu ya yote. Ni hadithi ndogo ya vijana wawili kwenye gari na baba asiyekubali. Wapigaji wa okestra ya New York Philharmonic wamo, muziki unavimba na kushuka na kuvimba tena, na mwishoni sauti zinarudia na kurudia kwamba hao wawili hawawezi kuwa wamekosea. Paul aliutunga kabla Beatles hawajavunjika, lakini ukiusikia baada ya habari ya kesi na magazeti unajua kwa nini ulisubiri hadi hapa.

Wa tatu, wa mono, ana hoja ya kifundi. Mwaka 1971 stesheni nyingi za redio za AM Marekani bado zilirusha mono, kwa hiyo walitengenezewa santuri maalumu ya Ram ambayo haikuuzwa madukani. Na haikuwa stereo iliyokunjwa tu: nyimbo zilichanganywa upya kwa ajili ya mono. Kwa miaka arobaini ilikuwa kitu cha wakusanyaji, mpaka ikatolewa rasmi 2012, na kwenu ni sidii ya tatu. Stereo hutandaza, huyu kushoto, yule kulia. Mono hurundika wote katikati, na kinachofaidi ni besi na drams. Denny Seiwell, mpiga drams, alipatikana New York kwa majaribio kwenye chumba cha chini ya jengo, hamna kitu ndani ila drams, Paul anataka kuona mtu atafanya nini peke yake. (Ndiye baadaye aliyeingia Wings, bendi mpya ya Paul, akatoka muda mfupi kabla Paul, Linda na mpiga gitaa Denny Laine hawajaruka kwenda Lagos kurekodi albamu ya Band on the Run mwaka 1973.) Kwenye mono ngoma zake zinakupiga kifuani. "Too Many People" na "Smile Away" zisikilizeni huko bila kubishana. Lakini "Dear Boy" na "Uncle Albert" zinahitaji nafasi ili zile sauti zipishane, na mono inawabana kama abiria. Anayesema mono tu amependa ngoma akasahau waimbaji, na kwenye albamu hii hilo ni kosa kubwa.

Kuna sababu nyingine inayowatenga wasikilizaji, nayo haitajwi sana: wengi hawajasikia kitu kimoja. Mimi Ram niliisikia kwanza kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa. Besi ilikuwa imekufa, na sauti ya Linda, kwa kuwa ni ya juu na nyembamba, ndiyo iliyobaki ikichoma sikio. Niliamini miaka mingi kwamba anaimba kwa ukali. Toleo lililosafishwa lilinionyesha kwamba ukali ule ulikuwa wa kaseti. Besi ya Paul ilirudi mahali pake, na Linda akakaa juu yake kwa upole. Mwulize bwana yako aliisikia wapi mara ya kwanza. Huenda hoja yake nzima inatoka kwenye kaseti kama yangu.

Hiyo ya 2021 ni santuri iliyochongwa Abbey Road na Miles Showell kwa nusu ya mwendo. Mashine ya kuchongea inazungushwa polepole mara mbili na muziki vilevile, ili ncha ya kuchonga ipate muda wa kuandika sauti za juu bila kuzikwangua: matoazi, herufi ya "s", pumzi za waimbaji. Kazi ni nzuri. Lakini faida yake inapita kwenye sindano yenu kwanza, na kama sindano imechoka utalipia kitu usichokisikia. Hamjaniambia mna mashine gani. Kama ni ile ya boksi la plastiki yenye spika ndani, msinunue. Mlicho nacho kinatosha, na kwa sidii kimezidi. Mkiweza kupata faili za sauti za toleo lile la 2012, ziliuzwa za biti 24, yaani za ubora kuliko sidii, kwa namna mbili, moja iliyopandishwa sauti na nyingine iliyoachwa na kupanda na kushuka kwake kwa asili. Chukueni hiyo ya pili, kisha mwongeze sauti wenyewe kwenye redio.

Nimeahidi kurudi kwenye "Long Haired Lady". Wimbo ule ni mrefu, karibu dakika sita, na mwanzo wake ndipo Linda anapoulizia kama anapendwa ipasavyo, kwa sauti ile ile inayokwaruza. Si sauti ya mwimbaji anayeigiza mke. Ni mke, anauliza mbele ya tepu inayozunguka, mbele ya wapigaji wa New York waliolipwa kwa saa, akijua kwamba nje ya mlango dunia nzima inasema hafai kuwa mle ndani. Kisha Paul anamjibu, wimbo unafunguka, na dakika za mwisho wanaimba pamoja mpaka unafifia. Jumapili hii mwambie bwana yako aanzie hapo, sidii ya kwanza, wimbo wa kumi, na asinyanyue mkono. Akimaliza bado anaona alibebwa, aniandikie yeye mwenyewe.